Unga wa Kalibu: Jinsi Masonara wa Mji wa Kale Wanavyoweza Kulinda Kazi, Mapafu na Majirani

Katika karakana za masonara zilizoko Mji wa Kale na mitaa ya jirani kisiwani Mombasa, pete, kidani au kipini huweza kutengenezwa kwa njia mbili. Fundi anaweza kufua madini na kuyalehemu kipande kwa kipande. Au anaweza kuchonga umbo kwa nta, kulizungushia kalibu, kuichoma nta itoke, kisha kumimina dhahabu au fedha katika nafasi iliyobaki. Njia hii ya pili ndiyo kusubu kwa nta inayopotea. Inategemea unga mweupe, laini kama unga wa ngano, unaouzwa kwa mifuko au ndoo kwa jina la kigeni la investimenti. Makala haya yanauita unga wa kalibu.

Unga huo ukipimwa na kuchanganywa sawasawa, pete hutoka safi na fundi hapotezi dhahabu ya mteja. Ukitimuliwa hewani, huingia mapafuni na unaweza kuleta ugonjwa usio na tiba. Na kwa kuwa nyumba nyingi za Mji wa Kale zina duka chini na familia ghorofani, vumbi na moshi wa karakana si jambo la fundi peke yake. Maelezo yafuatayo yamekusudiwa mafundi wanaotumia njia hii, vijana wanaojifunza kazi, na wakazi wanaoishi jirani nao.

UNGA HUU UNA NINI

Sehemu kubwa ya unga wa kalibu unaotumika kwa dhahabu na fedha ni silika, madini yaleyale yaliyomo kwenye mchanga, ila yamesagwa hadi yakawa laini mno. Takriban robo hadi theluthi moja ni jasi iliyochomwa, ambayo wengi huijua kama plasta ya kufungia mfupa uliovunjika. Kiasi kidogo kinachobaki ni kemikali za kuratibu muda wa unga kushika.

Jasi ndiyo inayoshikanisha. Ilipochomwa kiwandani ilipoteza sehemu kubwa ya maji yake; ikikutana na maji tena, huyarudisha, fuwele ndogo huota na kushikamana, na uji hugeuka jiwe. Silika nayo ndiyo inayostahimili moto. Jasi peke yake ikipashwa moto mkali hunywea na kupasuka, lakini silika hutanuka inapopata joto na kufidia kunywea huko. Ndiyo sababu jasi ya dari inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi haifai kutumiwa peke yake badala ya unga wa kalibu. Ni rahisi kwa bei, lakini kalibu yake hupasuka ndani ya tanuri na dhahabu kuvuja.

Unga wa aina hii unatosha kwa dhahabu ya kawaida, fedha na shaba. Dhahabu safi huyeyuka kwa nyuzi 1,064 za Selsiasi na fedha safi kwa nyuzi 962. Platinamu huyeyuka kwa nyuzi 1,768, na joto hilo huivunjavunja jasi. Kazi ya platinamu huhitaji unga wa aina nyingine, usioshikanishwa kwa jasi.

UFUNDI WA ZAMANI, UNGA WA JUZI

Kusubu kwa nta si jambo geni katika pwani hii. Wachimbaji wa mambo ya kale walipochimbua magofu ya Shanga katika kisiwa cha Pate miaka ya 1980, walipata sanamu ndogo ya simba wa shaba iliyosubiwa kwa njia hiyo, yenye umri wa karne nyingi. Siwa ya shaba ya Lamu, iliyohifadhiwa katika Makumbusho ya Lamu, nayo ni kazi ya nta.

Kwa karne nyingi mafundi wa sehemu mbalimbali duniani walitengeneza kalibu kwa udongo. Mabadiliko yaliletwa na kazi ya meno. Mwaka 1907 daktari wa meno wa Marekani, William Taggart, alitangaza njia ya kusubu vijazo vya dhahabu kwa kalibu ya jasi na silika. Masonara waliichukua njia hiyo miongo iliyofuata, kwa sababu unga huo hunakili kila alama iliyoko kwenye nta, hata alama ya kidole. Faida iliyoletwa na unga huo ni ulaini wake, na hatari yake pia inatokana na ulaini huohuo.

KABLA YA KUFUNGUA MFUKO

Maelekezo mengi ya viwandani yameandikwa kwa nchi za baridi. Hapa Mombasa kuna mambo matatu ambayo fundi anapaswa kuyaangalia kwanza.

La kwanza ni unyevu. Hewa ya pwani ina unyevunyevu mwaka mzima, na jasi hunywa unyevu huo hata ikiwa ndani ya mfuko uliokunjwa mdomo. Unga uliopata unyevu hushika bila kutabirika na kalibu yake hubaki dhaifu. Mfuko ukishafunguliwa, unga uhamishiwe kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana, iinuliwe kutoka sakafuni, na tarehe ya kufunguliwa iandikwe juu yake. Unga wenye mabonge usipepetwe ili utumike. Kupepeta hutimua vumbi na hakuurudishii unga nguvu yake.

La pili ni joto la maji. Unga mwingi umetengenezwa kutumika na maji ya nyuzi 21 hadi 24. Maji ya tangi la juu ya paa mjini Mombasa huwa na joto zaidi ya hilo, hasa mwezi Machi ambapo joto la mchana hufikia nyuzi 32 au zaidi. Maji ya moto huufanya unga ushike haraka kabla fundi hajamaliza kumimina. Dawa yake ni kuweka chupa ya maji kwenye friji usiku, kisha kuyachanganya na ya kawaida hadi kipimajoto kionyeshe nyuzi zinazotakiwa.

La tatu ni chumvi. Maji ya visima vingi vya kisiwani yana chumvi, na chumvi huharakisha jasi kushika. Maji ya kisima yasitumike kuchanganyia unga. Maji yaliyosafishwa yakaondolewa madini ndiyo bora, na kila kazi itumie maji ya aina moja ili matokeo yasibadilikebadilike.

VIPIMO

Unga wa kalibu hupimwa kwa mizani na maji kwa chombo chenye alama za mililita. Kukadiria kwa kikombe au kwa macho ndiko chanzo cha kalibu nyingi zinazoharibika. Kiwango cha kawaida ni mililita 38 hadi 42 za maji kwa kila gramu 100 za unga. Kilichoandikwa kwenye mfuko ndicho cha kufuatwa.

Kwa mfano, silinda ya chuma yenye upana wa sentimita 9 na urefu wa sentimita 10 huhitaji takriban gramu 800 za unga. Kwa kiwango cha mililita 40 kwa gramu 100, maji yatakuwa mililita 320. Maji yakizidi, kalibu huwa dhaifu, hupasuka tanurini, na pete hutoka ikiwa na mapezi membamba pembeni. Maji yakipungua, uji huwa mzito, hewa haitoki, na pete hutoka ikiwa na vinundu kama chunusi.

Madini nayo hupimwa kabla. Nta na njia zake za kumiminia hupimwa uzito, kisha uzito huo huzidishwa: kwa fedha ya kawaida ya masonara ni mara 10 na nusu hivi, na kwa dhahabu ya njano ya karati 18 ni mara 15 na nusu hivi. Nta ya gramu 4 itahitaji takriban gramu 62 za dhahabu ya karati 18, pamoja na nyongeza ya kujaza mdomo wa njia. Mteja aliyeleta dhahabu ya urithi ya kusubiwa upya ana haki ya kuonyeshwa mizani kabla na baada ya kazi.

DAKIKA TISA

Tangu unga unapogusa maji, fundi ana dakika tisa hadi kumi. Kila kitu kiwe mezani kabla ya saa kuanza kuhesabu: silinda iliyofunikwa chini kwa kitako cha mpira, mti wa nta ukiwa umesimama imara ndani yake, bakuli, kijiko, pampu ya kunyonya hewa na saa.

1. Maji hutangulia bakulini, unga hufuata polepole. Kumimina maji juu ya unga hutimua vumbi na kuacha mabonge makavu.

2. Uji hukorogwa kwa dakika mbili na nusu hadi tatu. Hukorogwa taratibu mwanzoni, mpaka unga wote ulowe, ndipo kasi iongezwe.

3. Bakuli huwekwa chini ya kifuniko cha pampu. Hewa ikipungua, uji huumuka, huchemka ukiwa baridi, kisha huanguka. Dakika moja hadi moja na nusu inatosha.

4. Uji humiminwa kwenye silinda kwa kupitia ukingoni, si juu ya nta moja kwa moja, hadi nta yote ifunikwe.

5. Silinda nayo huwekwa kwenye pampu kwa dakika moja na nusu hadi mbili huku ikitikiswa kidogo, ili viputo vilivyong'ang'ania nta viachie.

6. Ifikapo dakika ya nane au ya tisa, kazi imekwisha. Silinda iachwe bila kuguswa kwa saa moja na nusu hadi mbili.

Dalili ya uji kuanza kushika ni kupotea kwa mng'ao juu yake. Kuitikisa silinda baada ya hapo huivunja kalibu kwa ndani, na ufa hautaonekana mpaka dhahabu iwe imeshamiminwa. Fundi anayefungua mfuko mpya anashauriwa kuchanganya kwanza kiasi kidogo, kama gramu 100, na kuhesabu dakika hadi mng'ao upotee. Jaribio hilo litamwonyesha kama maji yake ni ya moto mno au unga umechacha.

Asiye na pampu anaweza kupaka uji wa kwanza juu ya nta kwa brashi laini kisha kujaza silinda kwa kuigongagonga. Njia hiyo hufaa kwa umbo rahisi. Kwa nakshi ndogondogo, viputo vitabaki.

TANURI

Kalibu iingie tanurini ingali na unyevu, mdomo wake ukitazama chini ili nta ichuruzike. Mvuke wa maji husaidia kuisukuma nta itoke. Ikiwa tanuri haitawashwa siku hiyohiyo, silinda ifunikwe kwa kitambaa kibichi.

Kwa silinda ya kipimo kilichotajwa hapo juu, ratiba inayotumika sana ni ya saa nane: saa mbili kwa nyuzi 150, saa mbili kwa nyuzi 370, saa tatu kwa nyuzi 730, na saa moja ya mwisho ya kushusha joto hadi lile la kumiminia, ambalo kwa dhahabu ya karati 18 na fedha huwa kati ya nyuzi 480 na 650. Kitu chembamba huhitaji kalibu yenye joto zaidi, kitu kizito huhitaji yenye joto dogo.

Kupandisha joto kwa pupa ni hasara. Maji yaliyomo kwenye kalibu yakigeuka mvuke ghafla huipasua. Silika nayo hutanuka kwa ghafla katika viwango viwili: kati ya nyuzi 200 na 300, na tena karibu na nyuzi 573. Hapo ndipo nyufa nyingi huzaliwa.

Joto lisizidi nyuzi 750. Likizidi hapo, jasi huanza kuvunjika na kutoa gesi ya salfa. Ikiwa mabaki ya nta hayajaungua yakaisha, gesi hiyo hutoka hata kabla ya kiwango hicho. Gesi hiyo hutoboa vitundu ndani ya dhahabu na kuitia fedha weusi. Pia huwasha macho, koo na kifua, na ni hatari zaidi kwa mwenye pumu. Tanuri lenye kipimajoto kinachofanya kazi ni kinga kwa pete na kwa mtoto wa jirani mwenye pumu.

Stima ikikatika katikati ya kazi, mlango wa tanuri usifunguliwe. Umeme ukirudi mapema, joto huendelea kutoka lilipofikia. Kalibu iliyokwisha kupata moto mkali ikapoa kabisa haifai kupashwa tena. Ni heri kupoteza unga na nta kuliko kupoteza dhahabu.

KUMIMINA NA KUIVUNJA KALIBU

Madini huyeyushwa kwa tinikali kidogo na kumiminwa kalibu ikiwa ingali na moto, kwa mashine ya kuzungusha au ya kunyonya hewa. Miwani ya kinga, glavu za ngozi, aproni isiyoshika moto na viatu vilivyofunika vidole ni lazima. Kandambili hazifai kwa kazi hii. Sakafu iwe kavu, kwa kuwa tone la dhahabu iliyoyeyuka likiangukia maji hurusha cheche.

Baada ya kumimina, fundi husubiri mpaka wekundu wa moto upotee kwenye mdomo wa kalibu, kisha huizamisha silinda kwa koleo refu katika ndoo ya maji. Kalibu huvunjika yenyewe. Hatua hii ina faida mbili: hurahisisha kuitoa pete na huuweka unga wote katika maji. Kuigonga kalibu kavu kwa nyundo, au kuisugua pete kavu kwa brashi, ni kulirudisha vumbi hewani. Mabaki yote yasuguliwe yakiwa majini.

KWA NINI VUMBI HILI NI HATARI

Nywele ya mtu ina upana wa takriban maikroni 70. Chembe za silika zinazofika ndani kabisa ya mapafu ni ndogo kuliko maikroni 10, na nyingi ni chini ya 4. Hazionekani kwa macho na huelea hewani kwa muda mrefu. Fundi anaweza kudhani hewa imetulia, kumbe ndiyo imejaa.

Mapafu hayawezi kuziyeyusha chembe hizo. Huzizungushia makovu, na makovu hayo hupunguza nafasi ya hewa. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Kwa kawaida huonekana baada ya miaka kumi au zaidi ya kuvuta vumbi kidogokidogo, lakini vumbi likiwa jingi huweza kujitokeza ndani ya miaka michache. Dalili ni kikohozi kisichokwisha na kuishiwa pumzi kwa kazi ndogo kama kupanda ngazi. Kovu likishajengeka haliondoki.

Mwaka 1997 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka silika ya fuwele inayovutwa kazini katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Aidha, mwenye silikosisi hupata kifua kikuu kwa urahisi zaidi, na Shirika la Afya Duniani limeiweka Kenya miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Fundi mwenye kikohozi kilichozidi wiki mbili anashauriwa kwenda kituo cha afya na amweleze mhudumu kwamba hufanya kazi na unga wa silika. Bila kutaja kazi yake, daktari anaweza kutibu kifua kikuu na asishuku silika.

Mara nyingi anayefagia na kuchanganya unga ndiye kijana mwanagenzi, naye ndiye mwenye miaka mingi zaidi mbele yake ya kuvuta vumbi hilo. Anayefundishwa kupima dhahabu afundishwe pia kujikinga, tangu siku ya kwanza.

NJIA ZA KUPUNGUZA VUMBI

Feni izimwe wakati wa kuchota na kupima unga. Joto la Mombasa huwafanya wengi waiache ikizunguka, nayo huusambaza unga chumba kizima na hadi ngazini.

Unga uchotwe kwa kijiko kutoka ndooni, usimwagwe kutoka juu. Mfuko mtupu usikung'utwe wala kukunjwa ili kutoa hewa, ulowanishwe kwanza.

Meza na sakafu vifutwe kwa kitambaa kibichi. Ufagio mkavu na kupuliza kwa mdomo au kwa mashine ya upepo haviruhusiki kwa unga huu.

Barakoa iwe ya kiwango cha N95 au zaidi, iliyobana uso. Leso, kitambaa na barakoa nyepesi za hospitali hazizuii chembe hizi. Kwa mwenye ndevu, barakoa ya kubana huacha mianya pembeni. Kinachomfaa ni kofia ya kufunika uso inayosukumiwa hewa safi na mashine, au kazi ya kuchota ifanywe na mwenzake aliyejikinga ipasavyo.

Nguo za kazi zibaki karakana na zifuliwe peke yake. Zisivaliwe mezani wala kumpakata mtoto zikiwa na unga. Chai na chakula visiwekwe kwenye chumba cha kuchanganyia.

TAKA, MIFEREJI NA NYUMBA ZA KALE

Maji ya kusafishia bakuli na ndoo ya kuzimia kalibu yasimwagwe kwenye sinki wala mtaroni. Jasi hushika hata ndani ya maji, na mfereji ukishaziba kwa jasi huwa umezibwa kwa jiwe. Katika vichochoro vya Kibokoni au Mkanyageni, mfereji mmoja ukiziba, maji machafu hurudi kwa nyumba kadhaa.

Njia sahihi ni kuyaacha maji yatulie usiku mzima katika ndoo, kuyamwaga taratibu maji safi ya juu, kisha kulichota tope likiwa bado bichi na kulifunga katika mfuko mzito. Kabla ya kulitupa, fundi mwenye busara hulichuja, kwa kuwa punje za dhahabu hujificha humo. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inamtaka anayezalisha taka azitenganishe. Tope hili lisichanganywe na taka za jikoni, na wazoaji waelezwe kilichomo.

Nyumba za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, na vichochoro vingi ni vyembamba mno kwa gari la zimamoto. Tanuri linalowaka saa nane lisiwekwe chini ya dari ya mbao bila kinga, wala kuunganishwa kwenye soketi moja na friji na feni. Nyaya zifungwe na fundi wa umeme mwenye leseni. Mitungi ya gesi isimame wima mahali penye hewa, mbali na tanuri na mbali na ngazi ambayo familia ya juu huitegemea kutokea. Kizima moto kiwe mlangoni, si nyuma ya tanuri.

Bomba la kutolea moshi lielekezwe juu ya paa, si kwenye dirisha la jirani. Hata hivyo, Mji wa Kale ni eneo la uhifadhi. Kabla ya kutoboa ukuta au paa, mwenye nyumba anapaswa kupata ushauri na idhini kupitia Ofisi ya Uhifadhi wa Mji wa Kale, iliyo chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya.

NANI ANAHUSIKA NA NINI

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la leseni za biashara, huduma za zimamoto, uzoaji wa taka, na udhibiti wa uchafuzi wa hewa na kero nyingine kwa umma. Kwa hiyo leseni ya karakana, ukaguzi wa moto na malalamiko ya moshi au mfereji ulioziba hupelekwa kwa ofisi za kaunti, kuanzia ofisi ya wadi au ya kaunti ndogo ya Mvita.

Usalama wa mfanyakazi kazini uko chini ya Serikali ya Kitaifa, kupitia Idara ya Usalama na Afya Kazini. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi apasajili, na ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga bila kumtoza. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka huohuo inahusu pia magonjwa yanayotokana na kazi, na inamtaka mwajiri awe na bima. Kwa sababu silikosisi huchelewa kujitokeza, mfanyakazi anashauriwa kuweka kumbukumbu ya mahali alipofanya kazi, miaka na aina ya kazi.

Jirani anayesumbuliwa na moshi au vumbi anashauriwa kuzungumza kwanza na mwenye karakana. Mara nyingi tatizo ni feni iliyoelekezwa vibaya, tanuri lililopita kiwango au bomba fupi, na hurekebishika kwa siku moja. Isipotatuliwa, afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo ndiye wa kuendewa. Moto ukizuka, wakazi wapige simu 999 au 112 mara moja, wakieleza njia ambayo gari linaweza kupita.

KWA UFUPI

Maji yapoe, yasiwe na chumvi. Unga upimwe kwa mizani na uingie kwenye maji, si maji kwenye unga. Kazi ya kuchanganya na kumimina iishe ndani ya dakika tisa. Tanuri lipande polepole na lisizidi nyuzi 750. Kalibu ivunjwe majini, meza ifutwe kwa kitambaa kibichi, feni izimwe, barakoa ibane. Tope lisiingie mtaroni.

Hakuna hata moja kati ya haya linalogharimu kama dhahabu iliyovuja au kifua kilichojaa makovu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa pafu hakuna fundi wa kuujenga.